Orodha ya Watoto Wanne

Jumapili alasiri, Kakiika. Mvua imekatika sasa hivi, na ng'ombe wa jirani wanalia kwa zamu, kama watu wanaorudia lalamiko moja. Sifa amelala kwenye mkeka na vidole vyake bado vina gundi ya jana. Nimejipikia chai ya tangawizi, na kwa mara ya kwanza wiki hii sina pa kukimbilia.

Nina furaha. Naliandika neno hilo mapema kwa sababu najijua: nikianza kulichambua jambo, furaha hunitoka kabla sijafika aya ya tatu.

Jana nilimpeleka Sifa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, akacheze na Nuru.

Kwa msomaji asiyetujua: Sifa ni binti yangu, ana miaka sita. Nuru ni rika lake. Walipishana miezi miwili kuzaliwa, huko Misiera, kijiji kimoja cha Nakivale, katika nyumba mbili zilizotazamana, na kila mmoja wao aliwahi kunyonya ziwa la mama wa mwenzake, siku ambazo mmoja wetu alichelewa kurudi kutoka shambani. Mwaka jana nilipata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea hapa Mbarara. Tukahamia Kakiika. Nuru akabaki.

Tangu hapo Sifa hana rafiki.

Ni sentensi fupi, lakini imenichukua mwaka mzima kuiandika. Mimi ambaye kutwa nzima nawafundisha watoto wa wenzangu kupeana mikasi, mtoto wangu mwenyewe husimama ukutani wakati wa mapumziko na kuwatazama wengine wakicheza. Mtaa wetu ni wa mageti. Mtoto haingii kwa mwenzake mpaka wazazi wamepigiana simu. Hakuna aliyetupigia, na nikisema kweli, hata mimi sijampigia mtu. Jirani mwenye ng'ombe ana msichana ambaye mara kwa mara huchungulia kwenye tundu la ua wetu. Mimi humpungia mkono, kisha naendelea na kazi zangu.

Ijumaa jioni, nikiwa nakunja nguo, Sifa aliniuliza kama Nuru atakuwa bado anamkumbuka. Nilimjibu upesi kwamba bila shaka. Mtu anayejibu upesi hivyo huwa hana hakika. Mwaka mmoja kwangu ni mwaka mmoja. Kwa Sifa ni sehemu ya sita ya maisha yake yote.

Kwa hiyo nilijiandaa kama ninavyojiandaa kumpokea mkaguzi wa shule. Karatasi za manila za rangi nne. Mikasi minne yenye ncha butu. Gundi, kalamu za rangi, vifuniko vya chupa nilivyokusanya miezi miwili, na trei nzima ya maganda ya mayai yaliyooshwa na kuanikwa. Niligawa muda: nusu saa ya kusuka mikeka midogo ya karatasi, nusu saa ya kubandika maua ya vifuniko, nusu saa ya kupaka maganda rangi. Watoto wanne: Sifa, Nuru, na wadogo wawili wa Nuru, Bosco na Keza. Sikuacha hata dakika tano tupu. Niliogopa kimya ambacho kingeweza kuingia kati ya wasichana hao wawili kikakaa.

Na kimya hicho kilitutangulia kufika. Mama Nuru, ambaye ni Mrundi na husuka vikapu vya majani makavu ya mgomba, alikuwa amefagia ua na kutandika jamvi. Sisi wawili tulikumbatiana kama ndugu. Watoto wetu walijificha, kila mmoja nyuma ya sketi ya mama yake. Nuru aliviangalia viatu vya Sifa. Sifa akamsalimu kwa Kiingereza, kama anavyofundishwa kumsalimu mgeni anayeingia darasani, na Nuru akainua macho kumtazama mama yake, kana kwamba anauliza huyu ni nani tena.

Niliona uso wa binti yangu ukijifunga.

Hapo nikafanya ninachofanya ninapoogopa: nikaanza somo. Nilitoa daftari. Kalamu yangu ilikuwa inaning'inia shingoni kwa uzi, kama ilivyo kila siku kazini, maana chekechea kalamu ikiwekwa mezani haionekani tena. Katika darasa langu jina la mtoto huandikwa kabla kazi haijaanza, likakatwa na kubandikwa, kwa sababu kazi isiyo na jina huishia kugombaniwa. Basi nikachutama mbele ya Bosco, ingawa namjua tangu akiwa tumboni, nikamuuliza kwa ile sauti ya mwalimu inayosikika mpaka nyumba ya tatu: jina lako nani, na una miaka mingapi? Nikaandika. Nikahamia kwa Keza. Jina lako nani, na una miaka mingapi?

Sikuwaza. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni kosa ambalo mimi, kuliko watu wote, sikupaswa kulifanya. Nilipita kituo cha mapokezi cha Kabazana, hukohuko Nakivale, nikiwa na miaka kumi na miwili, nimeshika pindo la kitenge cha mama yangu, tukitoka Fizi, Kongo. Najua maana yake mwanamke mwenye kalamu shingoni anapochutama mbele ya mtoto na kumuuliza maswali hayo mawili. Siku hiyo mama alinifinya mgongoni nijibu kwa sauti.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na dumu la maji alisimama. Aliongea na Mama Nuru kwa sauti ya chini, kisha akaondoka haraka. Hazikupita dakika nyingi akarudi bila dumu, ana watoto watatu walionawishwa nyuso na kupakwa mafuta. Nilimkaribisha. Nilidhani wamekuja kutazama. Nikaandika majina yao pia, kwa ukarimu.

Niligeuka baada ya muda kwa sababu nyuma yangu palikuwa na utulivu usio wa kawaida.

Palikuwa na foleni.

Ilianzia kwenye jamvi, ikazunguka jiko, ikatoka mpaka barabarani. Hakuna aliyewapanga. Akina mama walisimama na watoto wao mbele yao, wengi wakiwa na karatasi zao za familia kwenye mifuko ya plastiki iliyokunjwa vizuri. Waliokuwa wamekimbia nyumbani kuita watoto walikuwa wameacha mawe. Desturi hiyo ni ya bombani: ukiwa na shughuli, unaweka jiwe lako kwenye mstari, nalo linakushikia nafasi, wala hakuna mtu mwenye adabu atakayelisogeza. Nilihesabu watoto mpaka thelathini na saba, nikaacha.

Nilisimama nikatangaza kwamba hii si orodha ya kitu chochote, ni mchezo tu wa watoto. Mama aliyekuwa mbele aliinamisha kichwa kwa heshima.

“Ndiyo, mama,” akasema. “Tutangoja.”

Nilimwelewa vizuri mno. Hata sisi tulipoambiwa kwamba hakuna kitu, tulingoja, kwa sababu mara nyingine aliyeondoka ndiye aliyekosa.

Mama Nuru alikuwa amekaa chini kwa kicheko, anajifuta machozi kwa upindo wa kitenge.

“Weye Mama Sifa, unatufikia na kalamu ku shingo, unauliza mutoto miaka yake, halafu unashangaa? Umeona wapi hapa mutu anaandikwa jina, kisha anarudi kwake na ua la karatasi?”

Habari ilikuwa ikikua kadiri ilivyosafiri. Karibu na jamvi ilikuwa sabuni. Kwenye kona ya jiko ilikuwa sare za shule. Kule barabarani, nilivyoambiwa baadaye, ilikuwa tayari ni safari ya ng'ambo kwa familia zenye watoto wadogo. Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipofika kwa baiskeli, Mkongomani mwenzangu, mtu mzima mwenye kofia, ambaye simu yake ilikuwa imelia mara nne.

“Mama, unaandika batu na mimi sina habari?”

Nilimwonyesha nilichokuja nacho. Aliangalia karatasi, akaangalia mikasi, akainama juu ya trei akaitazama kwa muda mrefu.

“Haya maganda ya mayai ni ya nani?”

“Ni ya watoto, baba.”

“Na mayai yenyewe?”

“Tulishakula.”

Foleni nzima ilicheka, na yeye akacheka mwisho, huku akijaribu kutocheka. Kisha akasema anaweza kuwaambia watu warudi makwao; neno ni langu. Nilitazama zile nyuso. Kilichonitia aibu zaidi hakikuwa karatasi kwenye plastiki. Ni kwamba watoto wote walikuwa wamenawishwa. Siku ya maji ya shida, kila mama alikuwa ametoa kikombe chake cha maji kwa ajili ya daftari langu.

Wakati huohuo nikagundua kwamba Sifa hayupo jamvini.

Sikuwahi kuuzunguka ua ule haraka namna hiyo. Hakuwa nyumbani, hakuwa kwenye foleni. Lakini katikati ya foleni, kati ya mvulana mwenye kaptura ya kijani na dada yake, palikuwa na mawe mawili yaliyowekwa karibu karibu mpaka yanagusana. Nilimuuliza mvulana ni ya nani. Akanijibu kwa uvumilivu, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba moja ni la Nuru na la pili ni la yule wa mjini, Nuru amemwekea.

Waliokuwa wameshikiwa nafasi nao walikuwa nyuma ya jiko. Walichutama juu ya lundo la majani makavu ya mgomba yaliyobaki kwenye kazi ya Mama Nuru, wakitengeneza wanasesere. Nuru alikuwa mkali kuliko mimi nilivyo darasani.

“Hapana hivyo, unamunyonga. Mufunge ku kiuno.”

Sifa alimfunga kiunoni. Mwanasesere akainama kama bibi mwenye mgongo mbaya, na Sifa akacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi, ambacho nilikuwa nimesahau kwamba anacho. Kisha akasema jambo kwa mchanganyiko wa lugha tatu, na Nuru akamjibu kwa mchanganyiko mwingine, na hakuna aliyehitaji mwalimu.

Niliondoka kinyumenyume kabla hawajaniona.

Nilimwambia mwenyekiti asimfukuze mtu. Karatasi zangu zisingetosha, kwa hiyo tulizikata vipande vyembamba viwe mikanda na vilemba. Mama Nuru alitoa ghalani kila fungu la majani aliloliweka kwa ajili ya vikapu. Nilimzuia, akaniambia ninyamaze. Wengine wakaenda migombani wakarudi na ya kwao. Mikasi minne ilizunguka mikono mingi bila ugomvi hata mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona Kakiika. Na akina mama, waliokuja kusimama, wakakaa. Baada ya muda wao ndio waliokuwa wakitengeneza wanasesere bora, wakibishana kama nywele husukwa hivi huko Makamba, Burundi, au vile huko Fizi, huku watoto wakiwavuta mikono wapewe zamu.

Ratiba yangu ya nusu saa tatu ilibaki mkobani. Maganda ya mayai waliyapata wadogo kabisa, wakayavunja yote kwa furaha kubwa.

Lakini suala la majina halikuisha, na hili ndilo ninalolifikiria tangu asubuhi. Nilitaka kuichana ile karatasi mbele ya watu, kuonyesha kwamba hakuna orodha. Nilikuwa nimeshaishika. Mama mmoja kijana akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa ametoka Kabazana na kupewa kiwanja miezi michache tu iliyopita. Alisema hivyo mwenyewe, kama mtu anayejitambulisha kwa kabila. Mwanawe alikuwa wa miaka minne hivi.

“Dada, andika na wangu. Anaitwa Baraka.”

Nilimweleza tena kwamba orodha haina kitu.

“Ninasikia, haina kitu. Karatasi yake ya kuzaliwa iliungua mu nyumba. Andika tu, niione.”

Niliandika. Aliyafuata maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho wa jina, kisha akarudi mwanzo.

Basi sikuichana. Niliendelea kuandika mpaka mtoto wa mwisho, bila kuuliza miaka. Halafu nikachukua mikasi butu ya watoto, nikakata jina moja moja, na kila mtoto akapewa la kwake alifunge kiunoni mwa mwanasesere kama mkanda. Mwenyekiti alisimama karibu nami mpaka jina la mwisho lilipoondoka. Kisha akaomba daftari, akalifungua ukurasa kwa ukurasa kuhakikisha hakuna kilichobaki.

“Vizuri,” akawatangazia. “Sasa listi haiko.” Akapanda baiskeli yake, na mwanasesere wa mjukuu wake akiwa mfukoni.

Baraka alitaka jina lake kwenye mwanasesere. Mama yake alitaka kulihifadhi, naye alikuwa ameshalikunja na kulifungia kwenye pembe ya kitenge. Mtoto akaanza kulia. Nikaliandika mara ya pili.

Ningependa kuhitimisha hapa kwamba mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyopanga. Sina hakika kama hitimisho hilo ni langu kulitoa. Mama mmoja aliondoka mapema na binti yake mwenye uso uliong'aa kwa mafuta. Sikuwa nimefikia zamu yake, kwa hiyo hata jina la mtoto silijui. Sijui alikuwa akitumainia sabuni au safari. Chuoni tulifundishwa kwamba mchezo humpa mtoto nafasi ya kuwa mtoto, nami niliyaamini maneno hayo hata nikayaandikia tasnifu. Jana mchezo wangu uliwapa watu wazima tumaini la uongo kwa saa nzima kabla haujawa mchezo. Yote mawili ni kweli, na siwezi kulifuta moja kwa kutumia jingine.

Tulipoagana, nilimwomba Mama Nuru msamaha. Akaniambia niache ujinga. Alisema hajacheka hivyo siku nyingi. Kisha, akiwa anamfunga Sifa kamba za viatu, akasema jambo ambalo nilikuwa nikitafuta njia ya kuliomba siku nzima.

“Likizo ikifika, Nuru atakuja kwako siku tatu.” Alikaza fundo. “Lakini usimuandike.”

Sifa alinitazama kuhakikisha nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Njiani alimpakata mwanasesere wake, ambaye mkanda wake una majina mawili: Nuru kwa mwandiko wangu, na chini yake Sifa kwa herufi za kupanda na kushuka, kazi ya mkono wa Nuru mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kumkatia binti yangu jina lake. Rafiki yake hakusahau.

Sijidanganyi. Kesho ni Jumatatu, na huenda saa ya mapumziko Sifa akasimama tena ukutani. Rafiki aliye mbali hamalizi upweke wa hapa. Ila nimejiwekea azimio moja dogo, na naliandika hapa ili nione haya kulivunja: kesho jioni nitagonga geti la mwenye ng'ombe, nimwombe binti yake aje atengeneze nasi kitu chochote, cha majani au cha matope. Sitapanga dakika. Kalamu nitaiacha kazini.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda kanisani, nilitoka kufagia mbele ya mlango. Pembeni mwa kizingiti palikuwa na jiwe la rangi ya kutu, ukubwa wa ngumi ya mtoto, ambalo si la Kakiika; mawe ya huku ni meupe. Lilikuwa limesafiri mfukoni mwa gauni la Sifa njia yote kutoka Misiera bila mimi kujua. Nililisukuma kwa ufagio.

“Mama, usilisogeze,” sauti ikasema nyuma yangu, kwa ukali niliokuwa nimeusikia jana nyuma ya jiko. “Hapo ni nafasi ya Nuru.”

Nililirudisha pale pale lilipokuwa. Kisha nikafagia kulizunguka.